Pointi 8,000 kwenye simu, lakini bodaboda anataka fedha taslimu

Saa tano usiku, mtoto wa miaka minne anachemka kwa homa. Mvua inanyesha. Dereva wa bodaboda anayeishi jirani yuko tayari kuwapeleka kituo cha afya, ila anataka shilingi 15,000 kwa sababu ni usiku na njia ina utelezi.

Baba anafungua simu. Salio lake ni shilingi 2,300. Anafungua programu ya benki, na huko kuna ujumbe wa kumpongeza: amefikisha pointi 8,000.

"Mama watoto, hapa nina pointi elfu nane," anasema.

"Waitu baba, bodaboda hapokei pointi," mama anajibu huku akimvua mtoto sweta ili joto lipungue.

Jirani aliwakopesha zile 15,000. Mtoto alifika, akapimwa malaria, akapewa dawa, na asubuhi aliomba uji.

Familia hii ni ya mfano. Inaweza kuwa ya Nkwenda wilayani Kyerwa, au ya Kayanga wilayani Karagwe. Swali iliyobaki nalo baada ya usiku ule linazihusu nyumba nyingi siku hizi: hizi pointi zinazotolewa na benki, mitandao ya simu na maduka, zina thamani gani hasa?

Maganda na kahawa safi

Mkulima wa Karagwe hahitaji kufundishwa hesabu hii, kwa sababu anaifanya kila msimu. Kahawa ya maganda ikipita kwenye mashine ya kukoboa, kinachobaki ni takriban nusu ya uzito. Ndiyo maana akiambiwa bei ya kilo, kwanza anauliza: ya maganda au safi?

Pointi nazo ni maganda. Tarakimu kubwa kwenye simu haisemi kitu mpaka ikobolewe na kuwa shilingi. Na kuikoboa kunahitaji maswali matatu tu.

La kwanza: nimetumia shilingi ngapi kupata pointi hizi? La pili: nikizibadilisha leo, nitapata kitu ambacho dukani kwetu kinauzwa shilingi ngapi? La tatu: nimelipa nini cha ziada, iwe ada, makato au riba, ili niwe kwenye mpango huu?

Tarakimu za mfano zifuatazo si za benki wala mtandao wowote. Zimewekwa ili kuonyesha njia. Mzazi anaweza kuziondoa na kuweka za kwake.

Kadi ya baba

Baba ana duka la vifaa vya ujenzi na shamba la kahawa. Benki ilimshawishi achukue kadi ya hadhi ya juu, ile ya kununua kwanza na kulipa baadaye. Ada yake ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Kila shilingi 1,000 anayolipa kwa kadi inampa pointi 1, na kila pointi 1,000 zinampa vocha ya manunuzi ya shilingi 5,000.

Kwa mwaka mzima amelipa shilingi milioni 8 kwa kadi: mabati, saruji, nondo, na ada ya shule ya kijana wake. Amepata pointi 8,000, ambazo ni vocha za shilingi 40,000.

Gawanya 40,000 kwa milioni 8. Jibu ni nusu ya asilimia moja. Kwa kila shilingi 1,000 aliyotumia, amerudishiwa shilingi 5.

Ukitoa ada ya 120,000, hesabu inageuka. Baba hajapata 40,000, bali amepoteza 80,000.

Si hivyo tu. Vocha zile zinakubaliwa kwenye maduka ya Mwanza na Dar es Salaam. Kwa mtu wa Nkwenda, vocha ya duka la Mwanza ina thamani siku anapokuwa Mwanza kwa shughuli nyingine. Akisafiri kwa ajili ya vocha tu, nauli itaimeza.

Benki inampa njia nyingine: birika la umeme kwa pointi 8,000. Linaonekana zuri kwenye picha. Lakini birika kama hilo Kayanga linauzwa shilingi 32,000. Kwa hiyo pointi iliyokuwa na thamani ya shilingi 5 kwenye vocha imeshuka hadi shilingi 4 kwenye birika. Pointi ni zile zile, ila thamani yake imefuata kitu ilichobadilishwa nacho.

Na kama familia haikuwa na mpango wa kununua birika, hata hizo 32,000 ni za kwenye karatasi tu. Zawadi ya kweli ni ile inayoziba tundu ambalo fedha ya nyumbani ingetoka.

Simu ya mama

Mama anatumia shilingi 20,000 kwa mwezi kununua vocha za simu na vifurushi, yaani 240,000 kwa mwaka. Mtandao wake unampa pointi 1 kwa kila shilingi 100. Pointi 1,000 anazibadilisha kwa kifurushi kinachouzwa shilingi 2,000.

Kwa mwaka anapata pointi 2,400. Baba alizicheka, maana yeye ana 8,000. Tena pointi moja ya baba ni shilingi 5, ya mama ni shilingi 2 tu.

Lakini tazama upande wa pili wa mizani. Pointi 2,400 za mama ni shilingi 4,800 kutoka kwenye matumizi ya 240,000. Hiyo ni asilimia 2. Kwa kila shilingi 1,000, mama anarudishiwa 20 na baba anarudishiwa 5. Mpango wa mama unalipa mara nne zaidi, na hauna ada.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanalinganisha pointi kwa pointi, kama mtu anayelinganisha debe na kilo. Kinachopaswa kulinganishwa ni kiasi kinachorudi kwa kila shilingi iliyotoka.

Mama naye asijisifu kupita kiasi. Akibadilisha pointi 2,000 atabaki na 400 ambazo hazijafikia kiwango cha chini. Zikifutwa kabla hajaongeza nyingine, kile alichopata kweli ni shilingi 4,000. Kiwango cha chini na tarehe ya mwisho ni sehemu ya bei.

Zawadi isiyo na jina la pointi

Mama ana mpango mwingine ambao hakuna anayeutangaza redioni. Mchele, mafuta ya kula na sabuni ananunua mara moja kwa mwezi kwa muuzaji wa jumla, kwa shilingi 60,000. Kwa kuwa ni mteja wa siku nyingi na analipa papo hapo, anapunguziwa 3,000. Hiyo ni asilimia 5, na kwa mwaka ni shilingi 36,000. Zinabaki mkononi siku ile ile, hazina tarehe ya kufa, na dereva wa bodaboda anazipokea.

Kuna pia fedha inayopatikana kwa kutokukatwa. Kama kutoa shilingi 10,000 kwa wakala kunakatwa 1,400, na kutoa 40,000 kunakatwa 2,600, basi anayetoa 10,000 mara nne amelipa 5,600. Anayepanga matumizi ya wiki na kutoa mara moja ameokoa 3,000. Wiki moja tu imempa zaidi ya nusu ya pointi za simu za mwaka mzima.

Viwango vya makato hutofautiana kwa kila mtandao na hubadilika. Orodha ya makato iliyobandikwa kwa wakala inafaa kusomwa kabla ya orodha ya zawadi.

Mwenye pointi ni nani?

Biashara ya kuwazawadia wateja si ngeni duniani. Nchini Marekani, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza mwaka 1896 kuwauzia wenye maduka stempu za kijani. Mteja alipewa stempu kulingana na manunuzi, akazibandika kwenye kijitabu, na kikijaa alikibadilisha kwa bidhaa. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wa maili kwa wasafiri wake. Kadi za benki zikafuata njia hiyo, na leo wako watu Marekani ambao kazi yao ni kukokotoa pointi moja ya kila kadi ina thamani ya senti ngapi.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Safaricom ya Kenya ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, pointi moja kwa kila shilingi 10 ya Kenya. Kwa miaka mingi watu walizibadilisha kwa muda wa maongezi, data au simu. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kampuni iliruhusu zitumike kulipia bidhaa madukani kwa thamani ya senti 30 kwa pointi. Baadaye thamani hiyo ikawa senti 20.

Kwa hesabu ya kukoboa, anayetumia shilingi 100 za Kenya hupata pointi 10. Kwa senti 30 hizo ni shilingi 3. Kwa senti 20 ni shilingi 2. Mteja hakufanya kosa lolote, ila theluthi ya thamani imeondoka. Na mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kuwa pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa. Tangazo peke yake liliwakumbusha watu jambo moja: anayetoa pointi ndiye anayepanga bei yake, na anaweza kuibadilisha.

Tanzania ina mfano wa aina nyingine. Mwaka 2014 Tigo ilianza kugawa kwa watumiaji wa Tigo Pesa faida iliyotokana na fedha zao zilizokuwa zimehifadhiwa benki. Mgawo wa kwanza ulikuwa shilingi bilioni 14.25 kwa watumiaji milioni 3.5. Ukigawanya, ni wastani wa takriban shilingi 4,000 kwa kila mmoja, ingawa mwenye salio kubwa alipata zaidi. Si fedha ya kujenga nyumba, lakini ilikuja ikiwa shilingi, tayari imekobolewa. Huduma hiyo sasa inaitwa Mixx by Yas.

Tofauti hiyo ni ya kukumbuka. Shilingi ni mali ya aliyenayo. Pointi ni ahadi, na ahadi ina masharti.

Riba, butura mpya

Wazee wa Karagwe na Kyerwa wanaijua butura. Mkulima amebanwa, mtoto ni mgonjwa au ada inadaiwa, anauza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, mavuno ni ya mwingine. Serikali imeipiga vita kwa miaka, na vyama vya msingi vya ushirika vimehimizwa kuwaokoa wakulima wasiingie humo.

Kadi ya mkopo isiyolipwa kwa wakati hufanana na butura. Baba akiacha deni la shilingi 400,000, na riba ikawa asilimia 3 kwa mwezi, atadaiwa 12,000 za riba kwa mwezi mmoja. Manunuzi yale ya 400,000 yalimpa pointi 400, yaani shilingi 2,000. Amelipa sita apate moja.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kadi za aina hii ni fupi: kama deni halimalizwi lote kila mwezi, pointi hazina maana.

Kadi hiyo si mbaya kwa kila mtu. Kwa ada ya 120,000 na marejesho ya nusu asilimia, inaanza kujilipa mtu anapopitisha shilingi milioni 24 kwa mwaka, yaani milioni 2 kila mwezi, kwa vitu ambavyo angenunua hata bila kadi, bila kuongezewa bei na muuzaji, na bila kudaiwa riba. Mfanyabiashara mkubwa wa Kayanga au Omurushaka anaweza kufika hapo. Mwalimu au mkulima wa ekari mbili hafiki, na hana cha kuonea aibu kwa kubaki na kadi ya kawaida.

Watoto nao wanahesabiwa

Zawadi za namna hii hazijaishia kwa wazazi. Zipo za chini ya vizibo vya soda, zinazomfanya mtoto aombe chupa nyingine ili ajaribu bahati. Soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Mtoto akinywa tatu kwa wiki kwa sababu ya kizibo, gharama yake haimo kwenye tangazo: ipo kwenye meno na uzito wake, na kwenye fedha ambayo ingenunua maziwa, mayai au parachichi.

Swali la kumuuliza mzazi ni lile lile la kadi: bila zawadi hii, ningenunua? Kama jibu ni hapana, zawadi imekugharimu bei nzima ya ulichonunua.

Wezi wanaozipenda pointi

Ujumbe unaosema "umejishindia pointi, tuma namba ya siri tukubadilishie" ni wa kitapeli. Hakuna benki wala mtandao unaohitaji namba ya siri ili kumpa mteja zawadi. Ujumbe wa namna hiyo unaweza kutumwa kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu. Bibi na babu nyumbani waelezwe pia, maana hao ndio hupigiwa simu mchana vijana wakiwa shambani.

Walichobadilisha Nkwenda

Kwa sera ya serikali, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Lakini kituo hakimfuati mtoto nyumbani saa tano usiku. Kinachohitajika ni usafiri, na wakati mwingine dawa ya kununua iliyokosekana. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na homa kali ya mtoto haisubiri kukuche.

Baba alikaa na kalamu. Ada ya kadi, 120,000. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipoanza, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ada ya kadi moja ingetosha michango minne ya namna hiyo. Viwango na mipango ya bima hubadilika, hivyo alikwenda kuuliza zahanati na ofisi ya kijiji nini kinapatikana sasa kwa familia yake.

Kabla ya kurudisha kadi, alitumia vocha zake zote siku alipokwenda Mwanza kufuata mzigo wa duka. Hakuchukua birika. Alichukua vyandarua viwili na viatu vya shule, vitu vilivyokuwa tayari kwenye orodha ya nyumbani. Hapo shilingi 40,000 zikawa 40,000 kweli.

Mama ameendelea na pointi zake za simu, ila ameweka alama kwenye kalenda ya ukutani: kila zikifika 1,000 anabadilisha, hasubiri ziwe nyingi. Punguzo la 3,000 la kila mwezi haligusi. Linaingia kwenye kopo la maziwa lililo juu ya kabati, noti kwa noti.

Baada ya miezi mitano kopo lina shilingi 15,000, nauli ya safari moja ya usiku. Deni la jirani lilikuwa limelipwa zamani. Namba ya dereva wa bodaboda imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye mfuniko.